Lita Ngapi Zitavuka Ukuta wa Bahari?

Ukuta wa bahari haujengwi ili usivukwe na maji kabisa. Ukuta wa namna hiyo ungekuwa mrefu na ghali kupita kiasi, tena ungeificha bahari yenyewe. Mhandisi hukubali mapema kwamba maji yatavuka, kisha hukadiria kiasi chake: lita ngapi kwa sekunde katika kila mita ya ukuta.

Makuu katika makadirio hayo ni mawili: kimo cha mawimbi, na kimo cha ukingo wa ukuta kutoka usawa wa maji wa saa hiyo. Ukuta uliobaki mkavu wakati wa maji mafu waweza kulowesha barabara nzima wakati wa bamvua, hasa kusi ikivuma. Tofauti ndogo huzaa kubwa. Kwa fomula ya EurOtop, mwongozo wa Ulaya uliotoka 2007 na kusahihishwa 2018, ukuta wima kwenye kina kirefu, wenye ukingo mita 2 juu ya maji, ukipigwa na mawimbi ya mita 2 hupitisha takriban lita 20. Ukiinuliwa mita moja, hazifiki hata 3. Bahari ikipanda nusu mita, zile 20 huzidi 50.

Lakini hesabu hiyo ni ya wastani, na wastani hudanganya. Lita moja kwa sekunde ni lita 3,600 kwa saa, nazo hazitiririki taratibu kama maji ya bomba. Katika mawimbi 600 ya saa hiyo huenda yakavuka 36 tu, kila moja na lita 100 hivi, na kubwa lao likamwaga zaidi ya 400 kwa pigo moja. Hilo moja ndilo linaloangusha mtu. Huko Samphire Hoe, karibu na Dover, Uingereza, watafiti waliweka matangi nyuma ya ukuta ili kulinganisha maji halisi na makadirio ya maabara. Hadi leo njia ya ukutani hufungwa mawimbi makali yanapotabiriwa.

Uso wa kinga nao una neno. Mteremko wa mawe makubwa yaliyorundikwa hunywa nguvu ya wimbi, wakati mteremko laini wa zege, kwa kimo kilekile, hupitisha maji mara nyingi zaidi. Inasikitisha kwamba mawe hayo huonwa kama kifusi kinachoharibu mandhari.

Makadirio haya hutumika kupanga vimo vya kuta, kutoa tahadhari za dhoruba, kufunga barabara, kusimamisha treni kwenye reli za ufukweni kama ile ya Dawlish, Uingereza, iliyobomolewa na dhoruba ya Februari 2014, na kupima ukubwa wa mifereji.

Mifereji ndiyo inayosahaulika zaidi. Maji yaliyovuka lazima yapate pa kurudia, na matundu ya mifereji yaliyozibwa na chupa za plastiki huugeuza ukuta kuwa bwawa upande wa nchi kavu. Manispaa za mwambao ziyazibue kabla ya bamvua kubwa za Machi na Septemba, hata kabla ya kuomba fedha za kuinua kuta.