Fyuzi Inayokatika Alfajiri: Hitilafu ya Kipasha Dizeli na Malipo ya Gereji

Baadhi ya magari ya dizeli yaliyotumika, yanayoingizwa nchini kutoka Japani na Uingereza, yana kifaa ambacho wamiliki wengi hawajapata kukisikia: kipasha dizeli. Hukaa juu ya filta ya dizeli au kando yake, na kimewekwa hapo kwa sababu ya baridi ya huko yalikotoka. Dizeli ina nta ndani yake. Halijoto ishukapo mno, nta hiyo huganda kuwa chembe ndogo, chembe huziba filta, na injini hukosa mafuta. Kipasha huyapa mafuta joto kidogo yapate kupita. Kwa gari linaloshinda Dar es Salaam au Tanga, kifaa hiki hakina kazi mwaka mzima. Lakini nyaya zake zipo, fyuzi yake ipo, na hitilafu yake yaweza kulisimamisha gari njiani.

Tunakiandikia kifaa kidogo namna hii kwa sababu ubovu wake hufanana na ubovu wa vifaa vya gharama kubwa. Katika baadhi ya magari, fyuzi ya kipasha hulisha pia kompyuta ya injini au pampu ya mafuta. Kipasha kikipiga shoti, fyuzi hukatika na gari hukataa kuwaka. Mteja huambiwa kwamba pampu imekufa, au nozeli zimechoka. Hulipa. Katika kazi hiyohiyo fyuzi mpya huwekwa, gari huwaka, na kila mmoja huamini kwamba pampu ndiyo iliyokuwa mbovu. Wiki chache baadaye fyuzi hukatika tena.

Kipasha dizeli kisichanganywe na plagi za kupasha. Plagi hizo hupasha chumba cha mwako kabla ya injini kuwaka, nazo huwa na rilei na fyuzi zake. Mteja anayelalamika kwamba gari ni gumu kuwaka asubuhi huuziwa plagi hizo kwa wepesi sana, pengine bila hata moja kupimwa.

Kabla ya kufika gereji, mwenye gari anaweza kukusanya ushahidi ambao fundi hawezi kuupata peke yake: fyuzi hukatika lini na wapi? Vipasha vingi vina swichi ya joto ndani yake, ambayo hufunga njia ya umeme pale tu mafuta yanapokuwa ya baridi. Kwa hiyo gari lenye kipasha kibovu laweza kutembea Pwani miezi mingi bila tatizo, kisha likakata fyuzi alfajiri ya kwanza Makete au Njombe mwezi Julai, wakati wa baridi kali. Fyuzi ikikatika kwenye baridi tu, shaka ielekee kwenye kipasha chenyewe. Ikikatika popote, mara ufunguo unapowashwa, shaka ielekee kwenye waya kabla ya kipasha: mahali ulipochubuliwa na chuma, au soketi iliyolowa dizeli inayovuja filtani na kuunguzwa na joto. (Yapo magari ambayo kipasha huongozwa na kompyuta, kwa hayo, mchoro wa nyaya wa gari husika ndio utakaoamua.)

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Gari likiwa limezimwa, fundi achomoe soketi ya kipasha, aweke fyuzi mpya ya kiwango kilekile, kisha awashe ufunguo. Fyuzi ikikatika ilhali kipasha kimechomolewa, kipasha hakina hatia. Atafute kwenye waya au kwenye kifaa kingine kinacholishwa na fyuzi hiyo. Isipokatika, kipasha kipimwe.

Hapa ndipo tunapoona makosa mengi yanaweza kutokea. Fundi wa Dar es Salaam akipima kipasha kwa mita mchana wa jua, mita yaweza kuonyesha kwamba njia imekatika kabisa. Hiyo haimaanishi kwamba kifaa kimekufa, wala kwamba ni kizima. Swichi ya joto imefungua njia, kama inavyopaswa. Kipimo cha haki hufanywa baada ya kukipoza kwa mfuko wa barafu mpaka swichi ifunge. Kipasha cha wati 150 kwenye umeme wa volti 12 huvuta ampea 12.5, maana yake ukinzani wake ni karibu omu 1. Fundi agusishe kwanza ncha mbili za mita, aone mita inasoma kiasi gani, kisha akitoe kiasi hicho. Kinachobaki kikikaribia sifuri, kipasha kina shoti.

Kuna hitilafu nyingine isiyokata fyuzi kabisa: rilei na swichi ya joto zilizogandana zikiwa zimefunga. Kwa mfano wetu wa ampea 12.5, betri ya saa-ampea 70 ingekwisha katika muda usiofika saa 6. Ukikuta betri imekufa kila asubuhi, muulize fundi kama amepima umeme unaovutwa gari likiwa limezimwa, kabla ya kununua betri nyingine.

Jambo moja tunalikataza bila sharti. Pasiwekwe fyuzi kubwa zaidi, wala kipande cha waya, wala karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya buluu ni ya ampea 15, ya njano 20, ya kijani 30. Ya buluu irudishiwe buluu. Ikiwekwa ya kijani, waya mwembamba ndio utakaoungua badala yake, na waya huo unapita kando ya filta iliyojaa mafuta.

Kama gari halipandi maeneo ya baridi, kwa maoni yetu si vibaya kuacha kipasha kimechomolewa, mradi soketi ikaushwe na kufunikwa vizuri, na uvujaji wa filta utibiwe. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na pampu. Ukiliuza gari, mweleze mnunuzi. Huenda yeye anaishi Makete.

Gereji ikikuambia kwamba kifaa kikubwa kimekufa, omba uonyeshwe kipimo kilichothibitisha hilo na namba iliyosomwa, kabla kazi haijaanza. Makadirio yaandikwe. Kifaa kilichotolewa ukabidhiwe, na risiti ya EFD itaje kifaa kipya kwa jina lake, siyo “matengenezo” tu. Fyuzi ikikatika tena kwa namna ileile baada ya malipo, rudi na karatasi hizo. Bila hizo malalamiko yako yatakuwa vigumu kuthibitishwa, hata mbele yetu.