Fahamu: Kwa nini mstari mpya huwasumbua waandishi wa programu

Ukibonyeza Enter, kompyuta huhifadhi alama isiyoonekana. Linux na macOS hutumia alama moja, namba 10 katika orodha ya ASCII, ambayo waandishi wa programu huiandika \n. Windows hutumia mbili, 13 na 10, yaani \r\n.

Asili yake ni mashine za teleprinta: alama ya kwanza ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, ya pili ikasogeza karatasi.

Ndiyo maana hadi 2018, faili la Linux likifunguliwa kwa Notepad lilionekana kama mstari mmoja mrefu. Kurasa za wavuti nazo huichukulia alama hiyo kama nafasi ya kawaida. Ili mstari ukatike, andika <br>.

Maandishi yako yakivurugika, kagua alama hizi kwanza.