Thumuni ya Sungura na Mamilioni ya Uvumi

Katika nchi yetu kuna uvumi usiokufa. Hubadili nguo tu. Mwaka huu huwa ni rupia ya Mjerumani, mwaka mwingine ni redio kuukuu ya mbao inayosemekana ina zebaki nyekundu tumboni. Sasa zamu imezifikia senti zetu wenyewe, zile za miaka ya 1960, 1970 na 1980. Inadaiwa kwamba thumuni yenye picha ya sungura inatafutwa na Wazungu kwa mamilioni ya shilingi. Maneno haya nilikuwa nikiyasikia vijiweni Dar es Salaam na kuyapuuza, mpaka nilipoyakuta Mungaa, wilayani Ikungi, mkoani Singida, nyumbani kwa mzee mmoja ambaye alikuwa amekwisha kumtenga mbuzi wa kuuza kwa ajili yake.

Mzee huyo zamani alikuwa muuzaji wa duka la ushirika. Senti zilipoanza kukataliwa na wateja, za kwake zilibaki. Akazitia katika kopo la Africafe na kulifungia sandukuni. Miaka imepita, na juzijuzi amefika kijana mmoja aliyejiita wakala, akamwambia kila thumuni ya sungura ni milioni tano. Sharti ni kwamba kwanza azisugue kwa majivu na ndimu ili zing'ae, kisha atoe shilingi elfu themanini za "mashine ya kupimia". Ndipo mbuzi alipoingia katika hesabu.

"Mwanangu," aliniambia huku akimimina kopo lote juu ya ungo, "wewe unakaa mjini. Niambie, hii ni mali au si mali?"

Benki Kuu ya Tanzania ilizinduliwa Juni 1966, na mwaka huohuo zikatoka sarafu za kwanza za taifa hili, kuchukua nafasi ya zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Zilikuwa nne. Ndururu, yaani senti tano, ni ya shaba na ina samaki sulisuli. Senti ishirini ni ya manjano, ina mbuni. Thumuni ni nyeupe, nayo ndiyo yenye sungura wetu. Shilingi ina mkono ulioshika Mwenge. Upande wa pili zote zina sura ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1971, Uhuru ulipotimiza miaka kumi, ikaja shilingi tano yenye pembe kumi, ambayo watu wa mjini waliiita dala, na inasemekana ndiyo iliyoyapa mabasi yetu jina la daladala. Senti kumi ya punda milia, ile yenye ukingo wa mawimbi, ilichelewa hadi 1977.

Sasa, sarafu hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa sababu taifa zima lilikuwa likizitumia kila siku kununulia chumvi, kiberiti na mafuta ya taa. Ndururu haikutoweka mikononi mwetu kwa kuwa ilikuwa chache. Ilitoweka kwa kuwa haikuweza tena kununua kitu. Mwaka 1966 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi saba. Leo ni zaidi ya shilingi elfu mbili. Kitu kinachotupwa kwa kukosa thamani hakiwi adimu kwa siku moja. Kimelala tu katika makopo, makabati na mifuko ya makoti ya marehemu, nchi nzima.

Watu wanaokusanya sarafu, nao wapo wengi duniani, hawanunui uzee. Chukueni mfano wa Uingereza. Mwaka 2009 ilitolewa peni hamsini yenye picha ya mnara wa bustani ya Kew. Zilitengenezwa 210,000 tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni sitini, na wengi wakazitumia madukani bila habari. Idadi ilipojulikana, kila mtu akaanza kupekua chenji yake. Leo peni hamsini hiyo huuzwa zaidi ya pauni mia moja, na umri wake haujafika hata wa mtoto aliyemaliza chuo. Au ile peni mbili ya 1983. Mwaka mmoja kabla yake, neno "mpya" lilikuwa limeondolewa katika sarafu za nchi hiyo. Lakini chache za 1983 zikapigwa kwa muhuri wa zamani, zikatoka na neno lile kimakosa. Kosa hilo la kiwandani ndilo linalolipiwa. Peni mbili nyingine za miaka hiyo hubaki peni mbili.

Huko kuna wanunuzi maelfu wanaogombea kitu kilekile, na takwimu za kiwanda zinatangazwa. Kwetu wakusanyaji wa senti za Tanzania ni wachache mno, na Ulaya sarafu za kawaida za nchi za nje huuzwa kwa kilo, kama misumari. Nilimweleza mzee hivyo. Hakufurahi, na simlaumu.

Lakini uvumi hauzuki pasipo mbegu. Sarafu zenye bei kubwa zinazohusu nchi hii zipo kweli. Mwaka 1974 zilitolewa sarafu za hifadhi ya wanyama: za fedha zenye twiga na kifaru, na ya dhahabu yenye duma, ambayo thamani yake iliandikwa shilingi 1,500. Hizo ziliuzwa kwa wakusanyaji, hazikupita dukani; kwa hiyo haziwezi kuwamo katika kopo la muuza chumvi. Iko pia rupia kumi na tano ya dhahabu yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, Wajerumani walipokuwa wamebanwa na vita na fedha haiwafikii tena kutoka kwao. Zilipigwa 16,198 tu. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, mkoa huuhuu wa Singida. Mzee aliposikia jina la Sekenke alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Hata hivyo, tembo huyo naye ameigizwa sana, na asiye mtaalamu asithubutu kuuza wala kununua kwa macho. (Neno hela, kwa taarifa yenu, ni heller ya Mjerumani huyohuyo.)

Turudi kwenye ungo. Nilimwomba mjukuu wake sumaku ya spika mbovu, tukazitenganisha. Shilingi zenye sura ya Rais Mwinyi, zilizoanza 1987, zilirukia sumaku, kwa kuwa ni chuma kilichovishwa nikeli. Zile za Mwalimu, ambazo ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, zilitulia. Thumuni za sungura zilikuwa thelathini na moja, nyingi zimesuguliwa zikang'aa kama sufuria.

Na hapo ndipo nilipomjua yule wakala bila kumwona. Mkusanyaji hutaka ngozi ya asili ya sarafu, ile rangi iliyoivishwa na miaka. Ikisuguliwa kwa majivu hubaki na mikwaruzo, na hata iliyo adimu hushuka bei vibaya. Hakuna mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo atakayemwamuru mwenye mali aisugue. Wala mnunuzi wa kweli hadai alipwe kwanza. Yeye ndiye mwenye kutoa. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mjukuu amfungue mbuzi aende kwa wenzake.

Je, basi zitupwe? Hapana. Mjukuu yule, wa darasa la sita, alichukua daftari akachora safu: mwaka, aina, idadi. Mpaka jioni alikwisha kugundua miaka isiyokuwamo katika kopo, akaanza kuwauliza majirani. Kwa gharama ya kalamu moja, kijiji kimepata mkusanyaji wake. Nilimshauri azifunge moja moja katika karatasi kavu, si katika plastiki laini inayonata, maana hiyo baada ya muda hutoa kemikali na kuzipaka sarafu ukijani.

Majirani walileta pia noti. Hizo ni habari nyingine. Benki Kuu iliziondoa katika matumizi noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ya shilingi 500 ya 2010, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Mama mmoja alikuwa na elfu kumi kuukuu mbili ambazo hakupata habari zake kwa wakati. Elfu ishirini nzima, si uvumi.

Senti kumi ya punda milia haikuwamo hata moja katika kopo lile. Msikilizaji mwenye ya ziada, bila kuisugua, aniandikie kwa anwani ya kipindi hiki nami nitaifikisha.