Chapati Tatu, Watoto Wanne

Mwaka 1978, katika tathmini ya kitaifa ya elimu nchini Marekani, watoto wa miaka 13 waliulizwa swali moja la kukadiria: 12/13 + 7/8 ni karibu na ngapi? Walipewa majibu manne wachague: 1, 2, 19 au 21. Namba ya kwanza imepungukiwa kidogo tu kufika 1, na ya pili vivyo hivyo, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa mbali na 2. Waliochagua 2 walikuwa asilimia 24. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, maana yake walijumlisha za juu peke yake au za chini peke yake. Watoto hao walikuwa wameshasoma sehemu kwa miaka kadhaa, na kanuni walikuwa wamefundishwa. Walichokosa ni jambo la msingi zaidi: kujua kwamba 12/13 ni namba moja yenye ukubwa wake, wala si namba mbili zilizowekewa mstari katikati.

Kosa hilo halina uraia. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi, awe Tanga au Kisumu, ameshasahihisha daftari lenye 1/2 + 1/3 = 2/5, na ameshabishana na mtoto anayeshikilia kwamba 1/8 inaizidi 1/4 kwa sababu nane inaizidi nne. Lawama huwa anabebeshwa mtoto, au somo lenyewe, kwamba hisabati ni ngumu na haikuumbiwa kila mtu. Mimi naona tofauti. Sehemu kubwa ya ugumu huo tunautengeneza wenyewe katika wiki za mwanzo, pale tunapoanza na alama iliyoandikwa ubaoni kabla mtoto hajapata kitu cha kuiambatanisha nayo. Akianza kwa kugawana vitu na kupima urefu, na alama ikaja nyuma kama njia fupi ya kuandika anachokijua tayari, makosa mengi ya baadaye hayapati pa kuota.

Tazama somo la kwanza la sehemu linavyokwenda kwa kawaida. Mwalimu anachora duara, analigawa mara nne, anatia rangi kipande kimoja, kisha anaandika 1/4: ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili. Watoto wanapewa maumbo kumi ya kufanyia zoezi na wengi wanapata yote. Wamefanya nini hasa? Wamehesabu vipande vyenye rangi, wakahesabu vipande vyote, wakaandika hesabu mbili moja juu ya nyingine. Kazi hiyo inaweza kukamilika bila mtoto kufikiria ukubwa wa kitu chochote, na ndiyo maana ukimchorea umbo lililokatwa vipande visivyolingana bado ataandika 1/4 bila wasiwasi. Balaa linakuja pale anapokutana na 5/4. Kama sehemu ni vipande vilivyotiwa rangi kati ya vyote, atatiaje rangi vipande vitano kati ya vinne? Kitabu kinampa jina, sehemu guni, na kanuni ya kuigeuza iwe namba mchanganyiko. Mtoto anaikariri kanuni, na kuanzia hapo amejifunza kwamba katika hisabati hutakiwi kuelewa.

Sasa tuchukue njia nyingine. Kuna chapati tatu na watoto wanne, kila mmoja apate sawa na mwenzake, na chapati zote ziishe. Swali hili linaweza kuulizwa darasa la pili bila kutaja kiasi wala asili, kwa sababu kugawana ni jambo ambalo mtoto analijua tangu hajaanza shule, tena kwa ukali. Utafiti wa Terezinha Nunes na Peter Bryant wa Chuo Kikuu cha Oxford umeonyesha kwamba watoto wadogo, kabla ya kufundishwa sehemu, wanaweza kutambua kuwa chakula kilekile kikigawiwa watu wengi zaidi fungu la kila mmoja linapungua. Huo ndio ufahamu unaokosekana kwa mtoto anayedai 1/8 inaizidi 1/4. Alikuwa nao, shule imemwandikia nane na nne ubaoni, naye akaacha anachokijua na kufuata namba. Ukimuuliza afadhali kugawana chapati moja mkiwa wanne au mkiwa wanane, hakosei.

Turudi kwenye chapati tatu. Watoto wengine watakata kila chapati mara nne, na kila mmoja atachukua kipande kimoja kutoka kila chapati, jumla robo tatu. Wengine watakata chapati mbili katikati, kila mmoja apate nusu, halafu ile ya tatu wataikata mara nne, kila mmoja apate robo: nusu na robo. Hapa mwalimu anakaa kimya kidogo na kuwaacha wabishane. Nani kapata zaidi? Chapati ni zilezile tatu, watoto ni walewale wanne, wote wamegawa sawa na hakuna kilichobaki, basi hakuna aliyepata zaidi. Katika mabishano hayo darasa limegundua lenyewe kwamba 1/2 + 1/4 = 3/4, na kwamba nusu moja ni robo mbili. Hakuna kanuni ya asili zinazofanana iliyotajwa, lakini msingi wake umeshawekwa. Tena wamejua kuwa 3/4 ni jibu la 3 gawanya kwa 4, jambo ambalo wanafunzi wengi wa sekondari wanalitumia bila kujua limetoka wapi. Badilisha ziwe chapati tano kwa watoto wanne, na 5/4 haina ajabu tena: kila mmoja anapata nzima na robo. Sharti ni moja, kwamba vitu vinavyogawiwa viwe zaidi ya kimoja. Chapati moja peke yake inaturudisha kwenye duara la ubaoni.

Njia hii ni ya zamani kuliko shule zetu zote. Katika hati ya mafunjo iliyonakiliwa na mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, hesabu za mwanzo kabisa ni za kugawa mikate kwa watu kumi. Mikate sita kwa watu kumi, kwa mfano, inampa kila mtu nusu na sehemu moja ya kumi: mitano inakatwa katikati, na wa sita unakatwa mara kumi. Ni mantiki ileile ya nusu na robo. Mstari tunaouchora kati ya namba ya juu na ya chini ulikuja baadaye sana. Anayetajwa kuutumia mapema ni al-Hassar, mwanahisabati wa Maghreb wa karne ya 12. Binadamu aligawa, akapima na kurithishana kwa sehemu zaidi ya miaka 2,500 kabla ya alama hiyo kuwapo. Historia, kweli, si ratiba ya masomo, na hakuna anayelazimika kupitia kila kituo walichopitia wahenga. Ila inatuonyesha kipi ni wazo na kipi ni maandishi yake.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtoto wa Afrika Mashariki anaingia darasani na akiba kubwa ya sehemu, na shule haiigusi. Ametumwa dukani kununua robo ya sukari na nusu ya unga. Anasikia kila siku saa tatu kasorobo, ambayo ni hesabu ya kutoa: saa tatu, ondoa robo. Fundi cherehani mtaani anasoma inchi na nusu kwenye utepe wake, na seremala anasoma hadi sehemu za nane kwenye futikamba. Bibi na babu zetu walipima nafaka kwa pishi, ambayo ni visaga viwili au vibaba vinne. Kisaga ni nusu ya pishi na kibaba ni robo yake, na mwenye kujua vipimo hivyo vitatu anajua kwamba nusu na robo mbili ni kitu kimoja. Katika nyumba za Waislamu hesabu ya mirathi ni ya sehemu tupu: mjane ambaye mumewe ameacha mtoto hupata thumuni, na wasia hauruhusiwi kupita thuluthi. Wakristo wana fungu la kumi. (Robo fainali tuiache kando. Ni hatua yenye timu nane, na mtoto akiuliza ni robo ya nini, kipindi kitaishia kwenye mpira.) Mwalimu anayeanza na haya anaanzia katikati ya safari.

Kugawana peke yake hakutoshi, hata hivyo, na hapa natofautiana na wanaodhani chapati zitamaliza kila kitu. Mtoto anaweza kugawa vizuri na bado akaiona robo kama kipande cha chakula, si namba inayokaa mahali pake kama 1 na 2 zinavyokaa. Namba ni kitu unachoweza kukilinganisha na namba nyingine yoyote, na kwa hilo anahitaji kupima. Kifaa ni ukanda wa karatasi. Ukikunjwa mara moja unatoa nusu, mara mbili unatoa robo, mara tatu unatoa sehemu za nane. Theluthi inataka uvumilivu kidogo, lakini inapatikana. Kisha kamba inafungwa ukutani ikiwa na alama za 0, 1 na 2, zikiachana kwa urefu wa ukanda mmoja, na watoto wanatundika vikaratasi vya sehemu mahali panapostahili. Wa 5/4 anavuka 1 na kutundika mbele yake. Huo ni mstari wa namba, na mbele yake kosa la 1/2 + 1/3 = 2/5 linajifichua: mtoto ataona 2/5 iko nyuma ya 1/2. Ulianza na nusu, ukaongeza kitu, umebakiwa na pungufu ya nusu? Hakuna kanuni iliyosahauliwa inayohitaji kukumbushwa, macho yanatosha. Mwaka 2010 jopo la wataalamu lililoandaa mwongozo wa kufundisha sehemu kwa Wizara ya Elimu ya Marekani lilianza na mapendekezo hayohayo mawili, kwanza kujenga juu ya ujuzi wa kugawana alionao mtoto, pili kutumia mstari wa namba kumwonyesha kwamba sehemu ni namba.

Walimu wana mapingamizi yao, na si ya kupuuzwa. La kwanza ni idadi: darasa la watoto themanini au mia, chapati zitatoka wapi? Hazihitajiki. Chapati ni miduara iliyochorwa kwenye daftari au kwenye mchanga, ukanda unatoka kwenye gazeti kuukuu, na kamba ni kamba. Ugumu halisi ni kusikiliza watoto mia wakieleza walivyogawa, na huo siupunguzi. Kuwaweka wawili wawili wasahihishane kunasaidia, hakumalizi. Pingamizi la pili ni mtihani. Mtihani unataka majibu, na kanuni hutoa majibu haraka. Kweli, na hakuna anayesema kanuni zifutwe. Mtoto asiyefanya mazoezi ya kutosha ya kigawe kidogo cha shirika hatafika mbali hata akielewa vipi. Tunachobishania ni utaratibu. Kanuni iliyotangulia maana husahaulika likizo ikianza, nayo hufundishwa upya darasa la nne, la tano na la sita. Wiki chache zinazodaiwa kupotea mwanzoni tunazilipa kila mwaka kwa riba.

Lipo pia la tatu, linalosikika zaidi kwa wazazi: zama hizi ni za desimali na kikokotoo, sehemu ni mzigo wa bure. Lakini desimali ni sehemu zenye asili ya kumi, mia na kuendelea. Mtoto asiyejua kwa nini 0.25 ni robo atasema inaizidi 0.5, kwa kuwa ishirini na tano inaizidi tano, na tumerudi kwenye kosa lilelile likiwa na nguo mpya. Theluthi nayo haiishi katika desimali, utaandika tatu hadi daftari liishe. Zaidi ya hapo kuna aljebra. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Robert Siegler walichapisha uchambuzi wa takwimu za watoto wa Uingereza na Marekani: ujuzi wa sehemu na wa kugawanya alio nao mtoto akiwa na miaka 10 hivi ulitabiri matokeo yake ya aljebra na hisabati ya sekondari, hata baada ya kuzingatia kipimo cha akili, kipato cha familia na ujuzi wa kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Uhusiano wa takwimu hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Hata hivyo, mwanafunzi anayeona x/3 kama namba mbili zenye mstari atafanya nini nayo?

Duara la rangi libaki, lakini lisitangulie. Darasa la pili liwe la kugawana na la majina, nusu, robo, robo tatu. Ukanda na kamba vifuate. Alama iandikwe mtoto anapokuwa na la kuiandikia. Mzazi naye ana nafasi yake, isiyohitaji kitabu. Ukimtuma mtoto nusu kilo ya sukari na muuza duka akampimia paketi mbili za robo, muulize kama ameibiwa, na umwache akueleze.