Chakula kikavu cha mbwa: angalia nini kabla ya kununua

Kama unaishi Kimara na mbwa wako wa ulinzi anakula chakula kikavu cha dukani, huenda unachagua kwa bei na kwa picha ya mbwa aliyenona iliyochapwa kwenye mfuko. Picha haikuambii kitu. Geuza mfuko, usome nyuma.

Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kama cha kwanza ni mahindi au pumba, hicho ndicho unacholipia zaidi. Lakini nyama mbichi nayo sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo neno "kuku" likitangulia usifurahi haraka. Unga wa samaki au wa nyama, ambao umeshakaushwa, unaweza kuwa na protini nyingi zaidi. Tafuta pia maneno yanayosema ni chakula kamili, na kwa mbwa wa umri gani. Viwango vinavyotumika Marekani vinataka protini angalau asilimia 18 kwa mbwa mkubwa na 22.5 kwa mtoto wa mbwa, bila kuhesabu maji.

Hatari kubwa haiandikwi kwenye lebo. Mahindi yaliyoota kuvu huweza kuwa na sumukuvu, ile iliyoua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa mbwa hushambulia ini, na jina la kampuni si kinga: mwishoni mwa 2020 chakula cha Sportmix kiliondolewa sokoni Marekani kwa sababu hiyo, na taarifa za mbwa zaidi ya 110 waliokufa zikapokelewa.

Nunua mfuko uliofungwa ambao muda wake wa matumizi haujakaribia kuisha. Cha kupimiwa kwa kilo ni nafuu, tunaelewa, lakini hujui kiroba kilifunguliwa lini, na unyevu wa masika hukijua sote. Ukilazimika, kinuse. Kikinuka uvundo au mafuta yaliyochacha, au vipande vikiwa vimeshikana, usinunue. Kutonuka hakumaanishi ni salama, na kukichemsha hakuondoi sumukuvu.

Nyumbani kiache ndani ya mfuko wake, kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na jua.

Mbwa akikataa chakula alichozoea, akatapika, akalegea, au macho na fizi zikawa za njano, acha kumpa chakula hicho siku hiyohiyo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na uende na mfuko. Mabaki usiwape kuku.