Injini ya dizeli kwenye pikapu kuukuu: hesabu kwanza, spana baadaye

SANJE, Kilombero

Mfanyabiashara mwenye pikapu kuukuu ya petroli katika bonde la Kilombero ana njia mbili: kuiuza kwa bei ya kutupa, au kufunga injini ya dizeli ya mtumba na kuendelea kubeba mpunga na ndizi. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya injini. Swali la kwanza lingekuwa siku ambazo gari hilo litafanya kazi kwa mwaka.

Barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, ilizinduliwa Agosti 2024. Penye lami, lori hubeba gunia kwa gharama ndogo kuliko pikapu. Nafasi ya pikapu sasa ni kutoa mzigo shambani hadi barabara kuu, kwenye njia za tope, ambako dizeli ina faida kwa kuwa huvuta vizuri bila kukimbizwa.

Akiba iko wapi?

Tuchukue mfano. Pikapu ya petroli inayokwenda kilomita 6 kwa lita, ikizunguka kilomita 120 kwa siku, hunywa lita 20. Ikifungwa dizeli inayokwenda kilomita 10 kwa lita, hunywa lita 12. Akiba ni lita 8 kwa siku. Iwapo gharama zote za kubadili ni sawa na bei ya lita 1,600, mtaji hurudi baada ya siku 200 za kazi.

Mwenye kazi mwaka mzima ataziona fedha zake kabla ya mwaka kwisha. Anayetegemea mavuno ya mpunga tu, tuseme siku 60, atasubiri zaidi ya miaka mitatu, na hakuna muuza injini za mtumba anayetoa dhamana ya muda huo.

Mfano huu unachukulia kuwa petroli na dizeli zina bei moja. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na ipo miezi ambayo dizeli imekuwa ghali kuliko petroli. Hesabu ifanywe kwa bei za kituo cha karibu.

Injini ipi?

Toyota Hilux za miaka ya 1980 zilitoka kiwandani kwa petroli au kwa dizeli za aina ya L, hivyo vishikizo na vipuri vya kubadilishia hupatikana. Injini ya 2L ina cc 2,446 na 3L ina cc 2,779. Kwa mizigo, 3L isiyo na turbo ni chaguo la salama. 2L-T yenye turbo inajulikana kwa kuchemsha na kupasua silinda hedi. Injini inunuliwe pamoja na gia boksi yake, kwani ile ya petroli haikutani nayo moja kwa moja. Kwa Land Rover 109, injini ya Kijapani huhitaji bamba la kuunganishia lililochongwa kwa vipimo, na hiyo ni gharama nyingine.

Gharama zinazosahaulika

Breki ndizo hatari kubwa. Busta ya breki hufanya kazi kwa mvuto wa hewa ambao injini ya petroli hujitengenezea, lakini dizeli huhitaji pampu yake. Kwenye injini za L pampu hiyo hukaa nyuma ya alteneta. Ukiuziwa alteneta isiyo nayo, breki zitakuwa ngumu. Ongeza mkanda mpya wa taimingi, betri kubwa, rejeta safi, springi za mbele zinazobeba uzito zaidi, na kuosha tangi.

Aidha, kadi ya gari huonyesha namba ya injini. Dai risiti na hati za forodha za injini, kisha peleka mabadiliko TRA. Namba zisipolingana, bima inaweza kugoma kulipa na mnunuzi wa kesho atashusha bei.

Kabla ya yote, fundi agonge chesisi kwa nyundo. Iliyoliwa na kutu haistahili injini mpya hata kama siku za kazi ni 300. Chesisi ikiwa nzima na kazi ipo siku 200 au zaidi, kubadili kunalipa. Chini ya hapo, ni afadhali kukodi gari wakati wa mavuno na kuiacha fedha kwenye mpunga.