Mfupa Husubiri Amri

Kwa vizazi vingi, waganga wa Kigusii waitwao ababari walipasua vichwa vya watu walio hai. Mtu aliyeteswa na maumivu ya kichwa baada ya kupigwa rungu alikatwa ngozi, kisha mfupa ukakwanguliwa taratibu kwa chuma kilichopinda, bila kugusa utando unaofunika ubongo. Edward Margetts, aliyewahi kuwa daktari wa Hospitali ya Mathari na aliyechapisha uchunguzi wake kuhusu upasuaji huo mwaka 1967, alikuta wagonjwa waliopona na kuendelea na maisha. Linalonishughulisha mimi ni lile tundu lililobaki kwenye fuvu. Ngozi ya kichwa cha mtu mzima hufunga, lakini pengo kubwa la fuvu halijazwi na mfupa. Mtu huyohuyo akivunjika mkono, mfupa huungana. Anakula wimbi lilelile na mboga ileile ya chinsaga, na damu moja ndiyo inayopeleka madini kichwani na mkononi. Kwa hiyo fuvu halikukosa kalsiamu. Lilikosa amri ya kujenga, na hapo ndipo tunapopaswa kuanzia tunapozungumzia osteoporosisi, ugonjwa unaofanya mifupa iwe na matundu ndani na kuvunjika kwa jambo dogo.

Ushahidi wa amri hiyo ulipatikana Los Angeles mwaka 1965. Daktari Marshall Urist aliondoa madini yote kwenye kipande cha mfupa kwa kutumia asidi, akakipandikiza ndani ya msuli wa mnyama, na mfupa mpya ukaota humo. Kipande kisicho na chembe ya kalsiamu kiliamuru mfupa uumbwe! Kilichotoa amri ni protini zilizobaki katika sehemu laini, nazo ni vichochezi vya ukuaji. Kichochezi hushika kipokezi kilichoko juu ya seli changa, ujumbe ukapenya hadi kwenye jeni, na seli hiyo ikageuka fundi wa kujenga mfupa. Vichochezi vingine hulala ndani ya mfupa wenyewe kama akiba. Seli zinazobomoa mfupa mkuukuu huvifungua, navyo huita mafundi waje kuziba pengo. Mwanamke anapokoma hedhi, homoni ya estrojeni hushuka, ubomoaji ukaenda mbio na mafundi wakaachwa nyuma. Kadiri umri unavyosonga, seli changa nyingi za uboho hugeuka mafuta badala ya mfupa. Kinachoonekana kwa nje ni mgongo uliopinda.

Kuna amri ya kuzuia pia. Katika familia kadhaa za Makaburu wa Afrika Kusini, watu walizaliwa na mifupa minene mno isiyovunjika kirahisi. Mwaka 2001 watafiti waligundua kwamba miili yao haitengenezi sklerostini, protini inayowanyamazisha mafundi. Kutokana na ugunduzi huo ilitengenezwa dawa ya romosozumab inayoikamata protini hiyo, na Marekani iliiidhinisha mwaka 2019.

Msomaji wa Keroka au Ogembo atauliza: mama aliyebeba ndizi na kikapu cha majani chai kwenye vilima vya Gusii maisha yake yote, atapataje ugonjwa huu? Swali lina uzito, kwa sababu mfupa unaobebeshwa mzigo hupunguza sklerostini na mafundi wakapata nafasi ya kufanya kazi. Kazi hiyo ni akiba ya kweli. Lakini haizuii estrojeni kushuka, na pingili ya mgongo iliyokwisha dhoofika inaweza kupondwa na mzigo uleule ulioiimarisha zamani. Zaidi ya hayo, dawa za prednisolone na deksamethasone, zikimezwa kwa miezi mingi kutuliza maumivu ya viungo, huua seli za ujenzi na kuzizima zilizobaki. Mwingine atasema: kama tatizo si kalsiamu, basi omena na mboga havina maana. Vina maana kubwa: fundi bila mawe hajengi. Ila lori la mawe lililomwagwa uwanjani halijengi nyumba lenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Romosozumab ni ghali mno kwa mkulima wa Borabu, na sitarajii nafuu karibuni. Lakini alendronate, kidonge cha mara moja kwa wiki, hupunguza kasi ya ubomoaji na hutengenezwa na viwanda vingi kwa bei ya chini. Kinachotukwamisha mapema zaidi ni mazoea ya kuunga mfupa na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Naziomba hospitali za rufaa za Kisii na Nyamira zimhesabu kila aliyepita miaka 50, akavunjika kifundo cha mkono au nyonga kwa kujikwaa tu, kuwa mgonjwa wa osteoporosisi mpaka uchunguzi uthibitishe vinginevyo. Aulizwe amemeza dawa gani na, akiwa mwanamke, hedhi ilikoma lini, kisha aanzishiwe matibabu kabla mfupa wa pili haujavunjika.